Kitufe Kimehama

Jumatatu nilifika kazini, koti likichuruza mvua ya Huddersfield,
nikakuta kompyuta imepinduliwa usiku, kama serikali.
Meza ileile. Kikombe kilekile. Hata kibodi
bado ina doa la chai kwenye herufi M.
Ila kitufe cha kuanzia, miaka kumi na mmoja pembeni kushoto,
kimesogea katikati, kimejikalisha
kama bwana harusi.

Declan wa mitambo, kijana wa masikio mekundu,
akasema, Utazoea, Mwanahawa. Wiki moja tu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mie ya tatu nilipewa nywila mpya,
herufi kubwa, namba, na alama isiyotamkika.

Lugha, akaniuliza, nikuwekee ipi?
Nikachagua Kiswahili, kwa ukaidi tu.
Basi ofisi nzima ya mazulia ikawa haiwezi kunisaidia.
Maureen akiinama begani kwangu huona
Rasimu, Kikasha, Ghairi, Barua Taka,
hucheka, huniachia biskuti, hurudi kwenye ankara zake.
Na mimi mwenyewe, wallahi, nilisimama mbele ya "Tendua"
kama mtu aliyesahau jina la shangazi yake.

Kichwa kilijifunza. Mkono ulikataa.
Mkono una dini yake ya zamani:
unakwenda kushoto, unabofya ukuta,
unarudi, unakwenda tena.
Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga, kule Muheza,
miaka arobaini gurudumu halikuhama mahali pake;
taa ikizimika alishona gizani
na mshono ukanyooka.

Cherehani hiyo Mwanamkasi aliiuza
bila kuniuliza, arubaini ya mama ndiyo kwanza imepita.
Nilimwandikia. Kurasa mbili, pilipili tupu,
halafu nikaogopa, nikahifadhi.
Kila Ramadhani niliifungua, nikapunguza neno,
nikaongeza mawili, nikahifadhi.
Miaka sita, kama achari chupani.

Declan aliihamisha pamoja na zote.
Alhamisi, saa ya chakula, nikaiona juu kabisa,
mpya, kana kwamba nimeiandika asubuhi.
Nikaondoa neno "mwizi".
Mkono ukaenda pale penye Hifadhi.

Pale sasa pana Tuma.

Chini ya kioo kikazuka kimstari cheusi:
Inatumwa. Tendua? Sekunde kumi.
Tisa, natafuta miwani.
Saba, kishale kimepotea.
Nne nikakipata, kikasimama juu ya neno lenyewe,
kidole tayari.
Mbili.
Nje lori la mazulia linarudi kinyumenyume, linalia.
Sikubonyeza.

Wiki, kimya. Ya pili, kimya.
Mkono ukajua njia ya katikati, hakuna aliyenipongeza.
Ndipo Declan, akipita na waya zake shingoni,
akasema kikasha chako cha taka kimejaa, kifute.
Nikakifungua: mkopo wa haraka, dawa ya upara,
mjane wa jenerali anayegawa mamilioni,
na katikati yao Mwanamkasi,
siku kumi na mbili zilizopita.
Mashine ilimwona tapeli.
Ilijifunza kwa nani, sijui.

Niliuza nilipe deni la sanda na la wapishi wa arubaini.
Wewe ulisema utatuma.
Bobini moja nimekuwekea, imo kwenye kopo la maziwa.
Siku hizi unatumia kompyuta gani?
Herufi zimenijia kubwakubwa, kama unanipigia kelele.

Nilisoma nimesimama.
Halafu nikamwita Declan, kabla hajafika mlangoni,
anionyeshe wamepaficha wapi
pa kupunguzia ukubwa wa herufi.