Upande wa Pili wa Fomu

Fomu ina maswali kumi na manane
na kila swali visanduku vitano:
Kamwe. Nadra. Wakati mwingine. Mara nyingi. Kila mara.
Nje, theluji ya Gdynia inaanguka pasipo kuulizwa.
Nina miaka arobaini na saba
na swali la kwanza nimelisoma mara nne.

Mara ngapi, katika miezi sita iliyopita,
umesahau miadi au jambo uliloahidi?

Hapo, daktari, umenishika pabaya.
Msahaulifu ndiye umempa daftari la hesabu?
Ningekuwa nazikumbuka, nisingekuwa hapa.
Nazijua zile tu zilizopigiwa kelele:
mwavuli uliokwenda Sopot bila mimi,
birika tatu zilizoungua hadi kitako,
bili ya umeme niliyoificha isipotee, ikapotea,
na Ireneusz, mume wangu, gizani, ameshika mshumaa,
hasemi neno.
Afadhali angesema.

Natia alama Mara nyingi. Nakata.
Natia Wakati mwingine, nisije nikaonekana najidekeza.
Nakata tena. Karatasi imeanza kutoboka.

Mara ngapi unaondoka kitini unapotakiwa kukaa?

Kiti kipi?
Juu ya kreni bandarini, mita arobaini hewani,
nakaa saa nne na mkojo wangu,
kontena la tani thelathini limening'inia vidoleni mwangu
kama yai,
na upepo ukigeuka naujua kabla ya bendera.
Mezani kwa mama mkwe, supu ya bitiruti haijapoa
nimeshainuka mara sita: chumvi, dirisha, paka.
Paka mwenyewe hakuwa wao.
Hakuna kisanduku cha Inategemea.
Nimekichora mwenyewe, kidogo, pembeni.

Darasa la tatu, kwenye ripoti yangu,
Bi Pelagia aliandika kwa wino mwekundu:
Anaweza, akitaka.
Miaka thelathini na minane nimeishi ndani ya hiyo "akitaka".
Nimetaka, mwalimu.
Nimetaka hadi meno yakauma.
Nimetaka kwa saa za kengele, kwa vikaratasi vya njano
vilivyofunika friji nzima mpaka nikaacha kuviona.

Nampelekea karani fomu, kifua mbele,
kwa mara moja nimemaliza kitu kwa wakati.
Anaigeuza.
"Kuna upande wa pili, mama."
Foleni nzima inacheka, nami nacheka kuwapita,
kisha ghafla sicheki.

Daktari Wilczyńska anajumlisha kwa ncha ya kidole,
anafika pembeni, kwenye kisanduku changu, anasimama hapo.
"Umevuka mstari," anasema.
"Lakini hili ni chekeche tu, Bogumiła.
Yanayobaki juu si lazima yawe mawe.
Uchovu hubaki juu, huzuni hubaki, hata tezi ya shingo.
Tutapembua polepole. Njoo Alhamisi,
uje na mumeo,
na ripoti ya shule, kama ipo."

Ipo.
Katika vyote nilivyopoteza, hiyo sijaipoteza.

Kwenye treni natafuta tiketi,
naikuta kalamu ya kliniki nyuma ya sikio.
Alhamisi, saa tatu na nusu,
nimeandika kiganjani kwa kalamu hiyo hiyo,
na sasa naogopa kunawa mikono.