Jina Lililorudi kwa Ndege

Paka huyu si wangu. Ni wa yeyote mwenye sambaza.
Hulala juu ya bidoni, hapa Birere, nyuma ya ukuta wa uwanja,
pale lava ilipoganda mwaka ule juu ya njia ya ndege.

Saa sita huja wale wa ndege za mizigo,
wananuka mafuta, wanataka sambaza za kukaanga na pilipili kidogo,
kidogo sana, mama Kasoki.
Bohdan huinama: kit.
Zdenek, fundi wa injini: kochka.
Miodrag huwacheka wote wawili. Machka, anasema,
sisi hatukuazima kwa mtu, tulimwita mach-mach, akaja,
mwito ukageuka jina.
Kama nyau, nikamwambia. Akaacha kutafuna.

Zdenek ndiye msomaji wao.
Alichora kwa makala kwenye kipande cha katoni:
kot, kit, kochka, hawa ndugu,
na neno lao halikuzaliwa kwenye theluji.
Waliliokota kwa Warumi, katus,
na Warumi nao, labda, kwa watu wa Naili, Wanubi, kadis.
Labda, alirudia, maana wasomi bado wanagombana.
Mshale wake ukaishiwa katoni,
ukashuka mezani, ukasimama karibu na sufuria yangu.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini maji nayajua.
Mvua ya huku, mgongoni mwa Virunga, hushuka Kivu, hatimaye Kongo.
Ya kule Rutshuru, kwa mama yangu, huenda kaskazini,
huenda Naili,
na huenda matone ya paa letu yalipita
chini ya dirisha la mtu aliyekuwa akiita kadis, kadis,
na sahani mkononi.

Basi limerudi kwa ndege, pamoja na mchele na mabati.
Halikulipa ushuru.

Nami nikawapa la kwetu: paka.
Kisha nikawatesa kidogo:
pakia, pakua, ndiyo kazi yenu;
mpaka, ule pale, wenye kizuizi na askari;
paka, mafuta haya, mkono wako umekauka.
Bohdan akayaandika yote kiganjani.

Hajaja tangu vita vya kwao.
Vya kwetu tumevizoea, tunauza humo humo.
Jioni nafunika sufuria, nayajaribu moja moja.
Machka. Kimya.
Kochka. Mkia tu.
Kit.
Sikio moja linainuka, linageukia lango,
linakaa hivyo,
halafu anarudia kichwa chake cha samaki.