Wingu la Vingunguti

Mzee Mwinyimvua, mwenye nyumba, ameniuliza tena,
kandambili mkononi, maji yamejaa uani:
"Sikujua, hilo wingu lako unalolisoma
litanyesha lini?"

Nikacheka. Jibu la kitabuni halimfai.
Ningemwambia wingu ni kompyuta za watu wengine,
ziko mbali, zinapulizwa baridi, unazikodi,
angesema: "Kumbe na huko ni mpangaji tu."
Na kweli.

Kila somo nalielewa kwa nyumba hii.
Wajibu wa pamoja: yeye afunge geti,
mimi nifunge mlango wangu;
nikiibiwa, na ufunguo niliuacha chini ya ndala,
nisimwamshe.
Kulipia unachotumia: mafuta ya kupima kwa Mangi,
ya mia tano, kwenye kikopo changu mwenyewe,
hakuna anayenilazimisha dumu.
Kupanuka na kusinyaa: wageni wa msiba wakija
mikeka inatandikwa hadi barazani kwa jirani,
wakiondoka inakunjwa.
Nani alijenga ukumbi kwa ajili ya arobaini?
Na zile kanda zilizotenganishwa,
nilizozikosa mara nne kwenye majaribio,
mama anazijua tangu sijazaliwa:
hela nyingine pindoni, nyingine kwenye kopo la unga,
nyingine kwa shangazi, Chanika.
Moto ukila Mkuranga, haufiki Chanika.

Mchana nipo Gerezani, duka la beringi na mikanda.
Stoo yote iko kwenye daftari moja lenye grisi
na tajiri akilisahau kwake, hatuuzi.
Akienda kuswali, nafungua simu chini ya kaunta:
maswali kumi, napata sita.
Juzi nilipata saba.
Sielewi mtu anasomaje akarudi nyuma.

Usiku nangoja bando la saa sita, ndilo la bei yangu.
Nasikia bomba la jirani, mtoto wa Zamoyoni anakohoa,
mbwa, halafu kimya,
halafu mwalimu wa kwenye video anaanza kusema
na umeme unakatika.

Ada nimeilipa kwa zamu yangu ya upatu.
Tulikuwa kumi na wawili, niliomba nisogezwe mbele,
na zamu ile ilikuwa ya bati, nyumba ya mama.
Alisema, "Soma, mwanangu, bati litasubiri."
Jana amepiga simu. Huku kunavuja kidogo, anasema.
Kidogo.
Nyuma ya sauti yake nilisikia masufuria,
moja la sauti nene, moja la sauti nyembamba,
yakipokezana.

Huku nako kunavuja. Kompyuta nimeipandisha juu ya kabati,
daftari nikalisahau kitandani.
Ukurasa uliolowa ni ule wa kuhifadhi data.
Nimeuanika kwenye kamba, kati ya kanga na sare ya kazini,
wino umetambaa, bado unasomeka
ukiuinamia.

Mtihani ni Jumamosi, saa tatu, Posta, ghorofa ya nne.
Simu unaacha nje, saa unaacha nje, hata karatasi.
Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho,
na karani aliniandika Sikujuwa,
akanizidishia herufi moja, sikuwa na nauli ya kurudi kudai.
Nikifaulu, cheti kitakuwa cha huyo.
Nikifeli, basi pia ni huyo.

Mama aliniita hivi kwa sababu hakujua kama nimo
hadi mwezi wa tano, alidhani ni malaria.
Nimelichukia jina hili darasani miaka kumi na moja:
"Nani anajua jibu?" "Sikujua!"
na darasa zima linaangua kicheko.

Mzee Mwinyimvua amerudi mlangoni, amelowa mabega,
anatazama dari, anatazama beseni langu lililojaa.
Hasemi kitu kuhusu dari.
"Limeshanyesha, Mzee," namwambia. "Mimi nakinga.
Niazime na ile ndoo yako ya pili."