Ganda la Mzizi

Tartu, Januari. Mto Emajõgi umeganda,
nami nimembadilishia mzizi ganda
kwa uvivu tu:
nilitaka mshale wa juu unirudishie amri ya jana,
nilitaka rangi.

Leelo, aliyeitunza mashine hii miaka kumi na tisa,
alimwachia mzizi ganda kavu
lisilokumbuka neno, lisilosahihisha kosa.
Nikaliona la kishamba.

Saa tisa usiku umeme ukakatika maktabani.
Uliporudi, mashine iliamka nusu:
diski ya kwanza macho,
ya pili, penye ganda langu jipya, usingizini.
Nikaandika jina. Nikaandika nywila.
*Ganda halipo.*
Nikaandika tena, polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.
*Halipo.*

Leelo amestaafu, yuko Võru na nyuki wake.
Aliipokea simu kabla haijalia mara mbili.
Hakuniambia habari za mbacha na msala upitao;
alikohoa, akacheka, akasema:
"Izime. Iwashe peke yake, bila watu.
Itakuuliza unataka ganda gani.
Usijibu. Bonyeza tu."

Nikabonyeza. Alama moja ya reli,
nyeupe, bila rangi,
ikasimama ikinisubiri.

"Mzizi mwache alivyo," alisema.
"Muumbie pacha, naye nambari yake sifuri,
umvike hariri ukipenda."

Basi ni hatari, nikamuuliza, au si hatari?

"Ni salama siku zote," akasema,
"ila siku unayomhitaji."