Mlaji

Karatasi yenu ninayo.
Ina muhuri wa buluu uliokolea upande mmoja,
kama aliyeupiga alikuwa na haraka ya kwenda kula.
Bima kubwa, laki tatu na elfu arubaini,
bei hii itadumu hadi tarehe thelathini.
Leo kumi na tisa.

Mimi Bikombo Asaa, fundi cherahani, Limbani, Wete.
Gari yangu ndogo, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
mlango wa nyuma haufunguki ukiwa ndani,
lakini hubeba sare mia mbili za skuli
hadi Konde, hadi Micheweni, bila kulalamika.

Siku ile Madungu kijana wenu Shaame
aliniwekea fomu, akanong'ona:
"Matumizi andika binafsi, bi mkubwa, bei hushuka."
Nikamwambia, mwanangu, kanzu ya kipimo cha uongo
hupasuka kwapani, na hupasuka siku ya Idi.
Nikaandika BIASHARA,
kalamu ikachapa hadi nakala ya chini.
Nakala ya chini ninayo pia.

Nikarudi nyumbani nikaamini.
Kuamini kuna gharama, nyie hamkuiandika popote:
nilibadilishana zamu ya upatu na Time Faki,
nikamwongeza elfu ishirini za kumlainisha.
Kampuni ya ghorofani ilinitajia laki nne.
Nikawaambia ahsanteni, nimeshapata.
Nimeshapata! Neno lile nililimung'unya njia nzima.

Jumatatu saa tatu usiku nikawaandikia:
Nimekubali. Kesho naleta pesa.
Alama mbili zikageuka buluu,
buluu ya muhuri ule ule.

Jumanne saa nne asubuhi, buibui nimeshavaa,
simu ikalia mkobani:
"Mteja mpendwa, bei tuliyokupa imeondolewa
kutokana na mapitio ya ndani."
Mapitio ya ndani.
Kwani mimi mliniacha nje ya nini?

Shaame hapokei.
Akapokea mkuu wake, Bwana Mbarouk,
sauti laini, ya mtu anayekata sanda.
Kumbe kwenye kompyuta imeingia BINAFSI.
Ya biashara ni laki sita na ishirini.
"Bei si mkataba, bi Bikombo. Ni kama posa.
Posa hurudishwa."

Hurudishwa, sikatai.
Lakini posa ikishajibiwa,
siku imewekwa, wenye mke wameshanunua mchele,
huji ukasema umepitia kwa ndani.
Huja mtu mzima, huvua viatu mlangoni,
hukaa, hutaja sababu,
na mchele huulipa.
Ijabu ilikuwa yenu. Kabuli yangu mliisoma usiku.
Wala msinambie usiku ule ulikuwa wa kuamkia Jumanne:
kuamkia ndiko huko,
mtu hulala kwanza.

Ukutani kwenu kuna fremu, kioo kina vumbi:
HAKI ZA MLAJI.
Mlaji ndiye mimi. Nimeiangalia sahani.
Zamu ya upatu imeliwa.
Laki nne za ghorofani zimeliwa, leo wanataja tano.
Sare za Micheweni ziko maguniani wiki ya pili,
gari iko chini ya turubai,
paka wa jirani amezalia juu ya boneti.
Mlaji gani huyu, kila kukicha yeye ndiye kitoweo?

Sitaki pole.
Nataka sababu kwa maandishi, na jina la mtu chini yake.
Nataka ionekane fomu niliyoandika mimi,
si iliyoandikwa na kidole cha Shaame.
Kosa likiwa langu, nitalipa.
Likiwa lenu, bei ni ile ile,
au nirudishieni elfu ishirini za Time.
Mkikataa, andikeni kwamba mmekataa.
Nitaikunja, niipeleke kwa wanaosoma.

"Tutakupigia," amesema Bwana Mbarouk.
Basi nimekaa, nashona kola.
Simu nimeiweka mezani, kando ya cherahani.
Kila nikikanyaga, inatetemeka,
nasimamisha mguu,
nadhani ni nyinyi.