Jembe la Siku ya Tatu

Avlabari. Ngazi ya umeme inashuka, inashuka, inashuka,
hata nikaanza kuhesabu taa za ukutani
kama mtu ahesabuye siku za deni.
Mimi ni mwonja chai. Ulimi ndio jicho langu.
Nikaionja hewa ya huko chini: chuma, vumbi lililolowa,
mkate moto mfukoni mwa mtu aliyenitangulia.

Ngazi inapokomea kuna kibanda cha kioo,
ndani yake mama, sweta la zambarau, chupa ya chai.
Kazi yake ni kutazama watu wasianguke.
Mimi alinitazama kuliko wengine. Simlaumu.
Mgeni ni kuku mweupe,
na kuku mweupe aliyeshika ramani kichwa chini
haonekani tu, anawika.

Herufi za kule zimejikunja kama vikono vya maboga,
hazina ncha ya kushika.
Nilitaka Didube. Wenye chai walinisubiri Didube.
Nikapanda treni iliyofungua milango kwanza
kwa sababu hiyo tu, kwamba ilifungua.

Watu wakapungua kituo kwa kituo
mpaka nikabaki na mwanafunzi aliyelala mdomo wazi
na mzee mwenye ndoo ya cheri.
Varketili. Mwisho wa reli.
Mzee akanicheka kwa macho,
akachora duara hewani kwa kidole:
rudi ulikotoka, bwana, upite, uendelee.

Siku ya pili, basi la samawati.
Kadi yangu ikalia mlio mbaya, basi zima likasikia.
Binti mwenye kucha zilizopakwa rangi nusu
akagusisha yake kwa ajili yangu.
Nikamtolea sarafu; akaufunga mkono wangu
juu ya sarafu zilezile, akarudi kwenye simu yake.
Asante niliyoikariri ndani ya ndege
ilianza kwa g na m zikisukumana mlangoni.
Hakuna hata moja iliyotoka.

Tulipopita kanisa mikono ikainuka,
paji, kifua, bega la kulia, la kushoto, mara tatu,
hata dereva, hata kijana aliyeziba masikio kwa muziki.
Kisha mbwa akapanda,
kipini cha plastiki cha njano sikioni.
Akalala vituo vitatu, akashuka
pasipo kumuuliza mtu.
Nilimwonea kijicho.

Siku ya tatu mvua, na basi limejaa,
nami nimebanwa kando ya ile mashine.
Kutoka nyuma, juu ya mabega, kadi inakuja,
kwa huyu, kwa yule, inanifikia.
Naigusisha. Mlio mzuri. Nairudisha.
Ikaja nyingine. Zikaja tatu kwa pamoja,
moja imebandikwa picha ya mtoto asiye na meno.
Hakuna aliyeuliza natoka wapi.
Walinipa tu, kana kwamba mkono wangu
ulifungwa pale na mafundi, pamoja na viti.
Mgeni siku mbili, tunasema kwetu;
na jembe la siku ya tatu lilikuwa la plastiki, jepesi,
nikalima nalo mpaka darajani.

Usiku ule, chini ya Avlabari,
mwanafunzi mmoja alinisomea kibati cha yule mama:
Nazibrola.
Mama akainua vidole vinne nyuma ya kioo.
Mara ya nne leo. Kumbe alikuwa ananihesabu.
Nikalitamka lile neno. G ikapita, m ikapita.
Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
akaniinulia; lakini ngazi ilikwisha kunichukua.
Nilipanda kinyumenyume, nikiitazama rangi yake:
nyeusi mno, majani yameachwa humo tangu alfajiri.
Kazini ningeitema.
Pale ningeinywa yote.