Tano Tano

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa meza ya jikoni:
vichupa saba vya Reino vimepanga foleni,
nami na miwani ya dola nne
nikisoma lebo kabla sijasoma kitabu.

Trent, mpwa wa mfamasia, amekaa chuoni miezi tisa.
Ana koti jeupe, ana na deni.
Mimi nina kaunta ya duka hapa Hancock, Michigan,
miaka kumi na mmoja ya "karibu tena",
na kitabu cha mtu aliyefeli,
kimepigiwa mistari mahali pasipostahili.

"Njia ni mbili," alisema Bwana Halvorsen akipangusa sinia,
"ya darasani na ya kazini.
Mtihani hauulizi uliingilia mlango gani."

Basi nikaanza.
Theluji imefika usawa wa dirisha,
kadi zangu zimebandikwa kwenye jokofu, kioo cha bafuni,
mashine ya kufulia:
kijiko cha chai, mililita tano;
ratili moja, gramu mia nne hamsini na nne;
haidroksizini ya muwasho, haidralazini ya presha,
mapacha wa jina wasiochangia hata damu.
Nilizichanganya mpaka ndotoni.

Trent alinifundisha hesabu za dripu
nyuma ya karatasi ya sandwichi.
Nami nikamfundisha kuhesabu vidonge bila kuchezesha midomo:
tano, tano, tano,
mwiko wa plastiki ukisukuma taratibu,
kama mtu achambuaye mchele wa wageni.

Siku yenyewe, Marquette,
maili mia za barabara iliyomwagiwa chumvi.
Walinivua saa. Walikagua mifuko, hata leso.
Maswali tisini, dakika mia na kumi.

La arobaini na moja:
mgonjwa anatumia warfarini, ananunua aspirini. Ufanye nini?

Jibu nilikuwa nalo.
Nilikuwa nalo tangu Februari ile
Reino alipolalamikia goti,
nikampa mbili, na asubuhi mbili tena,
kwa mkono huu huu ulioshika kipanya.
Hakuna aliyenizuia kaunta.
Kaunta ilikuwa mimi.

Nikabonyeza: mwite mfamasia.
Saa ya kwenye skrini ikanila dakika tatu.
Nikaiacha ile.

Nje, Trent hakuzima injini.
Aliniangalia usoni, hakuuliza,
akanipa kahawa iliyokwisha poa.
"Nimepita," nikasema, maili thelathini baadaye.

Beji yangu wameiandika Ali badala ya Aili.
Vichupa saba bado sijavitupa.
Jumatatu hii mzee mmoja kachukua warfarini yake,
kisha kaweka juu ya kaunta gazeti, peremende,
na aspirini.

"Subiri kidogo. Bwana Halvorsen, njoo."

Mzee akanung'unika kwamba basi litamwacha.
Na likuache, nikamwambia.
Basi hurudi.